Homoni: Wajumbe wa Damu, na Mambo Yanayoonekana Mbulu

Mfugaji wa Mbulu au wa Hanang hahitaji kufundishwa darasani kwamba fahali na maksai ni wanyama wawili tofauti. Huenda wote wawili walizaliwa katika msimu mmoja, wakanyonya na kulishwa pamoja. Lakini yule aliyeachwa kama alivyozaliwa huota shingo nene na nundu kubwa, hunguruma, huparura ardhi na kupigana na wenzake. Yule aliyehasiwa angali ndama hurefuka miguu, shingo yake haijazi sana, naye huwa mpole hata hufungwa nira na kuvuta plau pamoja na mwenzake kutwa nzima. Kilichoondolewa ni viungo viwili vidogo tu, kumbe kilichobadilika ni mnyama mzima, tangu mifupa yake hadi mwenendo wake. Wafugaji wamelijua jambo hili kwa maelfu ya miaka. Swali ambalo halikupata jibu kwa muda mrefu ni hili: je, kiungo kilicho kati ya miguu ya nyuma kinawezaje kuiamrisha shingo inenepe?

Aliyelishughulikia swali hili kwa jaribio la kisayansi alikuwa Arnold Berthold, mwalimu wa chuo kikuu cha Göttingen huko Ujerumani, mwaka 1849. Berthold hakutumia ng'ombe. Alitumia majogoo sita wachanga. Wawili aliwahasi kabisa. Wawili aliwahasi, kisha akairudisha korodani moja ya kila mmoja ndani ya tumbo lake, mbali na mahali pake pa asili. Wawili wa mwisho alibadilishana korodani zao, ya huyu akampa yule. Wale wa kwanza walikua bila upanga mkubwa wa kichwani, hawakuwika kama majogoo wala hawakuwajali mitetea. Wale wanne wengine walikuwa majogoo kamili. Berthold alipowapasua aliona kwamba korodani zilizohamishwa zilikuwa zimeota mishipa mipya ya damu, lakini mishipa yao ya fahamu ilikuwa imekatika. Basi kama amri haikupita katika mishipa ya fahamu, ilibaki njia moja tu, nayo ni damu.

Ajabu ni kwamba jaribio hili, ambalo lilikuwa wazi hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeweza kulifuata, halikutiliwa maanani kwa zaidi ya miaka hamsini. Mwaka 1902 huko London, William Bayliss na Ernest Starling walikata mishipa yote ya fahamu inayofika kwenye kipande cha utumbo mwembamba wa mbwa, kisha wakamimina asidi katika kipande hicho. Hata hivyo kongosho lilitoa maji yake ya kumeng'enya chakula kana kwamba limepewa habari. Walipousaga utando wa utumbo huo pamoja na asidi, wakaudunga mchujo wake katika damu, kongosho liliitika vilevile. Mwaka 1905 Starling alivipa vitu vya namna hii jina la homoni, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuchochea au kuamsha.

Homoni, basi, ni kemikali inayotengenezwa na seli za mahali fulani mwilini, ikamwagwa katika damu, na kwenda kubadilisha kazi ya seli za mahali pengine. Mwili una tezi za namna mbili. Zipo zenye mifereji, kama tezi za jasho, za mate na za maziwa, ambazo humwaga vitu vyake nje ya mwili au katika njia ya chakula. Na zipo zisizo na mfereji wowote. Hizo humwaga homoni moja kwa moja katika damu inayozipitia. Chini ya ubongo inaning'inia pituitari, tezi ndogo isiyozidi punje ya njegere, nayo hupokea maagizo kutoka sehemu ya ubongo iliyo juu yake iitwayo haipothalamasi. Shingoni, mbele ya koo, imekaa thairoidi yenye umbo la kipepeo, na nyuma yake paradundu nne ndogo, yaani parathairoidi, zinazosimamia kiasi cha kalisi katika damu. Juu ya kila figo kuna adrenali, mfano wa kofia. Kongosho ni tezi ya namna zote mbili kwa pamoja: sehemu yake kubwa hutoa maji ya kumeng'enya chakula kwa njia ya mfereji, na katikati yake vimetawanyika visiwa vya Langerhans, vipatavyo milioni moja, vinavyotoa insulini na glukagoni katika damu. Mwisho ni korodani kwa mwanamume na ovari kwa mwanamke. Vitabu vya shule aghalabu huishia hapa, na jambo hili lina upungufu wake, kwa kuwa utumbo, figo, moyo, ini na hata mafuta ya mwili hutoa homoni pia.

Mishipa ya fahamu na homoni hugawana kazi ya kuuendesha mwili. Mshipa wa fahamu hufikisha habari yake mahali pamoja kwa sehemu ndogo ya sekunde, na habari ikishafika imekwisha. Homoni huenda polepole zaidi, lakini husambaa mwili mzima na kukaa muda mrefu. Fisi akilia karibu na zizi usiku, mwenye mifugo hushtuka na kuketi kitandani kabla hajafikiri lolote. Hiyo ni kazi ya mishipa ya fahamu. Moyo unaoendelea kumdunda hata baada ya fisi kuondoka, kinywa kilichokauka, na usingizi unaokataa kurudi, ni athari ya adrenalini iliyokwisha kumwagwa katika damu, na nyuma yake kortisoli, ambayo huchukua dakika nyingi kupanda na saa kadhaa kushuka.

Kiasi cha homoni katika damu ni kidogo mno. Testosteroni, homoni ile ya korodani inayomtofautisha fahali na maksai, katika mwanamume mzima huwa kadiri ya nanogramu 3 hadi 10 katika kila mililita ya damu, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Kiasi hiki huweza kutenda makubwa kwa sababu ya vipokezi. Msomaji afikirie hewa iliyo juu ya mji wa Katesh: mawimbi ya vituo vingi vya redio yanapita humo wakati wote, yanapenya nyumba zote na miti yote, lakini kinachosikika ni katika chombo kilichotegwa kwenye wimbi lile tu. Damu nayo inachukua homoni zote na kuzipitisha mbele ya seli zote. Seli inayosikia ni ile yenye kipokezi chenye umbo la kuikamata homoni hiyo. Homoni za protini, kama insulini, haziwezi kupenya ukuta wa seli. Kipokezi chake kiko nje, nacho kikiguswa huamsha mfululizo wa matendo ya kemikali ndani. Homoni zinazotengenezwa kutokana na kolesteroli, kama testosteroni, estrojeni na kortisoli, hupenya ukuta huo, zikakuta kipokezi ndani, na pamoja nacho zikaingia katika kiini cha seli na kuamua ni jeni zipi zifanye kazi na zipi zinyamaze. Ndiyo maana insulini hutenda kwa dakika, ilhali testosteroni hujenga shingo ya fahali kwa miezi.

Kutokana na hayo inafahamika kwamba ugonjwa wa homoni waweza kuwa wa mjumbe au wa msikilizaji. Katika kisukari cha aina ya kwanza visiwa vya kongosho vimeharibika na insulini haipo. Kabla ya majira ya baridi ya mwaka 1922, ilipodungwa kwa mara ya kwanza kwa kijana mmoja wa miaka 14 huko Toronto, Kanada, ugonjwa huo ulikuwa hukumu ya kifo. Katika kisukari cha aina ya pili insulini ipo, na mwanzoni huenda ni nyingi kupita kawaida, ila misuli na ini vimekuwa vizito kusikia. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1989 katika vijiji vya Tanzania uliona kisukari kwa watu wazima wasiofikia mmoja katika mia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu tisa katika mia kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Vipimo vya nyakati hizo mbili havikuwa vya namna moja, wala watu waliopimwa, kwa hiyo si haki kuzilinganisha tarakimu hizo kama mizani. Lakini hakuna daktari nchini anayeshuku mwelekeo wake.

Sasa yafaa kuuliza: ni nani anayeiamrisha tezi yenyewe? Jibu limo katika utaratibu uitwao mrejesho. Mpishi anayechemsha maji ya ugali huongeza kuni moto ukififia, na huvuta kuni nje chungu kikitaka kufurika. Chungu chenyewe ndicho kinachomwambia la kufanya. Vivyo hivyo haipothalamasi huituma pituitari, pituitari huituma thairoidi kwa homoni ya kuichochea, nayo thairoidi hutoa thairoksini, ambayo huongeza kasi ya uchomaji wa chakula katika seli za mwili wote na hukuza ubongo wa mtoto. Thairoksini ikizidi katika damu, haipothalamasi na pituitari huipokea habari hiyo na kupunguza msukumo wao. Ikipungua, huongeza. Kwa watu wenye afya utaratibu huu hukishika kiwango cha thairoksini bila kuyumba miaka nenda miaka rudi.

Lakini mrejesho hufanya kazi yake barabara pale tu tezi inapokuwa na malighafi. Thairoksini haitengenezeki bila ayodini, ambayo wengi nchini huiita madini joto. Mtu mzima anahitaji kadiri ya maikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito 250. Mahitaji ya maisha ya mtu mzima yote yakikusanywa pamoja yangejaa kijiko kimoja cha chai. Ayodini imejaa baharini. Katika nyanda za juu zilizo mbali na bahari, mvua za karne nyingi huiosha kutoka kwenye udongo na kuipeleka mitoni, na mahindi au mboga zinazoota katika udongo huo huwa na kidogo sana. Hapo ndipo linapotokea jambo la kusikitisha. Thairoidi inapokosa ayodini, thairoksini hupungua. Pituitari, ikifuata kanuni yake bila kosa, huongeza homoni ya kuichochea thairoidi. Nayo thairoidi, ikitii amri isiyoweza kuitimiza, huzidisha seli zake na kuvimba. Uvimbe huo ndio rovu. Watu waliudhania kuwa ugonjwa wa shingo, au laana, au matokeo ya kujitwika mizigo mizito kichwani. Kwa kweli rovu ni tezi nzima isiyo na ila, inayojitahidi kupita kiasi.

Uvimbe wenyewe si jambo baya kuliko yote. Mama mjamzito akikosa ayodini kwa kiasi kikubwa, ubongo wa mtoto hujengeka bila thairoksini ya kutosha, na hasara hiyo hairudishwi na tiba yoyote baada ya kuzaliwa. Katika miaka ya 1980 uchunguzi wa watoto wa shule katika wilaya za Tanzania zilizoathirika sana ulionyesha kwamba kadiri ya asilimia 61 walikuwa na rovu, kubwa au dogo. Tangu mwaka 1986 vidonge vya mafuta yenye ayodini viligawiwa katika wilaya hizo, na katikati ya miaka ya 1990 kanuni za serikali ziliagiza chumvi ya kuliwa itiwe madini joto. Mwaka 1999 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 12 hivi, na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004 ulikuta karibu asilimia 7. Ni mambo machache ya afya ya jamii yaliyowahi kufanikiwa kwa gharama ndogo namna hiyo.

Kwa watu wa Hanang habari hii ina sura yake ya pekee. Chini ya Mlima Hanang lipo Ziwa Balangida, ambalo maji yake hukauka kiangazi na kuacha tabaka la chumvi. Wenyeji wamelichota tangu zamani kwa matumizi yao, kwa mifugo na kwa biashara. Chumvi inayotoka kando ya ziwa na kuingia gulioni moja kwa moja haikupitia mahali pa kutiwa madini joto, na mnunuzi hawezi kuitambua kwa jicho wala kwa ulimi. Kipo kipimo cha matone, chepesi hata kwa mwalimu wa shule, kinachoigeuza chumvi yenye madini joto kuwa ya rangi ya zambarau na kuiacha nyeupe ile isiyo nayo. Wanafunzi wakileta darasani kijiko cha chumvi kila mmoja kutoka jikoni kwao, mwalimu atakuwa na somo la kemia, la biolojia na la jiografia kwa siku moja. Na ikumbukwe kwamba hata chumvi nzuri hupoteza madini yake ikiachwa wazi juani au penye unyevu. Mahali pake ni katika chombo chenye kifuniko.

Ukuaji wa mtoto nao unasimamiwa na homoni, na hapo Mbulu imechangia elimu ya dunia nzima. Pituitari hutoa homoni ya ukuaji, hasa wakati wa usingizi mzito. Homoni hiyo haiirefushi mifupa peke yake. Huliamuru ini litoe homoni ya pili, iitwayo kwa kirefu kipengele cha ukuaji kinachofanana na insulini, na hiyo ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi katika ncha za mifupa. Mtoto asiyekula vya kutosha, au anayeumwa mara kwa mara, hupatikana na hali ya ajabu katika damu yake: homoni ya ukuaji iko juu, ile ya ini iko chini. Pituitari inaamuru, ini haliitiki. Si kwamba ini limeasi. Mwili wenye upungufu huipa kipaumbele kazi ya kuishi na kupigana na maradhi, na huiahirisha kazi ya kurefuka. Homoni ya ukuaji nayo, ikiwa juu, husaidia kuyachoma mafuta yaliyowekwa akiba. Udumavu, kwa mtazamo huu, ni uamuzi uliofanywa na mwili kulingana na habari ulizopata. Bahati mbaya ni uamuzi ambao mtoto huishi nao maisha yake yote.

Huko Haydom, wilayani Mbulu, ipo hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955. Kuanzia mwaka 2009 eneo hilo lilikuwa moja ya vituo vinane, katika nchi nane za Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, vilivyofuatilia watoto tangu kuzaliwa ili kujua kwa nini wanadumaa. Haydom ilikuwa miongoni mwa vituo vyenye udumavu mkubwa zaidi. Utafiti huo wa nchi nane ulionyesha kwamba watoto wengi walibeba viini vya maradhi matumboni bila kuharisha, bila homa, bila dalili ambayo mama angeiona. Na viini hivyo vya kimya vilihusiana na urefu uliopungua. Utumbo ulio katika mapambano ya kudumu hupeleka habari ya vita katika damu, na ini huisikia.

Kama ni hivyo, basi je, viini vikiuawa kwa dawa mtoto hatarefuka? Swali hili lilijaribiwa Haydom kwa watoto zaidi ya 1,100, waliopewa kwa zamu dawa za kuua viini, au vitamini ya aina ya nikotinamidi, au vidonge visivyo na dawa, bila wazazi wala wapimaji kujua nani anapata nini. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Watoto walipofikisha miezi 18, urefu wa makundi yote ulikuwa sawa. Watu wengi huyaona matokeo kama hayo kuwa kushindwa. Hayo si maoni ya haki: jaribio lililofanywa vizuri na kutoa jibu la hapana limewaepusha watoto wa nchi nyingi na dawa zisizowafaa, na limeonyesha kwamba ini la mtoto halishawishiki kwa dozi chache wakati maji, chakula na mazingira yake ni yale yale.

Kufikia hapa imeonekana kwamba tezi huusikia udongo, chakula na maradhi. Ipo habari ya tatu, nayo ni ngumu zaidi kuaminika: kwamba tezi huusikia pia mwenendo wa mtu katika jamii yake. Katika eneo la Ziwa Eyasi, ambalo bonde la Yaeda lililo wilayani Mbulu ni sehemu yake, wanaishi jirani watu wa aina mbili za maisha. Wahadzabe ni wawindaji na waokota matunda, mizizi na asali. Wadatoga ni wafugaji wa ng'ombe. Wanatumia nchi moja, hali ya hewa moja, na mara nyingine visima vile vile, lakini ulezi wa watoto wachanga miongoni mwao ni tofauti. Baba wa Kihadzabe hulala na mkewe na watoto wake, hukaa nao kambini saa nyingi, hubeba mtoto, humlisha na kumchezea. Kwa desturi ya Wadatoga mtoto mchanga ni kazi ya wanawake. Baba ana mifugo ya kulinda na heshima ya boma ya kutunza, na aghalabu hulala katika nyumba yake mbali na watoto wadogo. Haifai kusema kwamba mmoja anawapenda watoto kuliko mwingine. Anayelinda ng'ombe dhidi ya wezi naye anawalisha wanawe.

Watafiti Martin Muller, Frank Marlowe, Revocatus Bugumba na Peter Ellison walikusanya mate ya wanaume wa jamii zote mbili, asubuhi na jioni, kwa kuwa testosteroni huwa juu alfajiri na kushuka kadiri siku inavyokwenda. Mate yanafaa kwa kipimo hiki kwa sababu homoni ya kolesteroli hupenya kutoka katika damu hadi katika tezi za mate, na hakuna anayehitaji kuchomwa sindano porini. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009. Wanaume wasio na watoto wa Kihadzabe na wa Kidatoga hawakutofautiana. Lakini Wahadzabe waliokuwa baba walikuwa na testosteroni ya chini kuliko Wahadzabe wasio na watoto, asubuhi na jioni pia. Kwa Wadatoga hapakuwa na tofauti yoyote kati ya baba na asiye baba.

Hapa ndipo mfano wa maksai unapokoma kufaa. Mfano huo unafundisha kwamba homoni humwongoza mnyama. Wanaume wa Eyasi wanaonyesha kwamba maisha nayo humwongoza homoni. Hata hivyo mwanafunzi mwangalifu atainua mkono. Je, haiwezekani kwamba wanaume wenye testosteroni ya chini ndio wanaooa mapema na kutulia na watoto, na kwamba ubaba haukubadilisha kitu? Pingamizi hilo ni la haki kabisa, kwa maana utafiti unaowalinganisha watu tofauti kwa wakati mmoja hauwezi kulijibu. Kinachohitajika ni kumpima mtu yule yule kabla na baada. Hilo lilifanywa huko Cebu, Ufilipino, kwa vijana 624 waliopimwa mwaka 2005 na tena mwaka 2009. Ilionekana kinyume cha pingamizi: waliokuwa na testosteroni ya juu mwaka 2005 ndio waliokuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata mke na mtoto miaka minne baadaye, na walipopata, kiwango chao kilishuka sana kuliko cha wenzao waliobaki bila mtoto. Waliotumia saa tatu au zaidi kwa siku katika kulea walikuwa chini kuliko baba wasiolea.

Jambo hili linapunguza nguvu ya tarakimu ambazo mara nyingi huitwa za kawaida. Vitabu vingi vya tiba vilipata viwango vyao kwa kupima watu wa miji ya Ulaya na Marekani. Ellison na wenzake walipolinganisha mwaka 2002 wanaume wa mji wa Boston na Walese wa msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, pamoja na watu wa Nepali na Paragwai, waliona kwamba vijana wa Boston walikuwa na testosteroni nyingi kuliko wote, kisha ikaporomoka kwa umri. Wazee wa mahali pote walikaribiana. Kushuka kwa testosteroni uzeeni, kulikohesabiwa kuwa sheria ya maumbile ya binadamu, kwa sehemu ni kushuka kutoka katika kilele ambacho mkulima wa Ituri hakukipanda. Kijana anayekula kwa wingi na kufanya kazi chache za mikono huwa na akiba ya kuitumia katika homoni hii; anayelima kwa jembe na kula kwa kipimo huwa nayo kidogo, na mwili wake hupanga matumizi kwa hekima ya mwenye ghala dogo.

Wala neno la chini lisichukuliwe kuwa na maana ya upungufu. Kiwango cha testosteroni kinachohitajika ili mwanamume azae na awe na misuli kiko chini sana ya kile alicho nacho baba wa Kihadzabe, ambaye anaendelea kuzaa, kuvuta upinde mgumu, kutembea kilomita nyingi kila siku na kuukwea mbuyu kwa vigingi vya mti ili afuate nyuki. Tofauti iliyopimwa katika mate yake haionekani kwa macho, na mwenyewe hana habari nayo.